Betri za Chumvi: Si Lazima Zishinde Ndio Wewe Ufaidike

Msee, kama unasaka boda ya stima, jua betri ndio hukula doh mob. Sasa kuna betri za sodiamu, ile kitu iko ndani ya chumvi ya jikoni. CATL ya China ilizindua yake ya kwanza 2021. Noma ni moja: atomu ya sodiamu ni kubwa na nzito kuliko ya lithiamu, so kilo kwa kilo haikufikishi mbali. Alafu bei ya lithiamu, iliyopaa 2022, ikaanguka vibaya. 2025 Natron ya Marekani, iliyokuwa ikiunda betri za sodiamu, ikafunga duka.

Lakini usicheke. Lithiamu ikijaribu kupanda tena, mpinzani ako hapo nje anangoja. Hapo ndio mtu wa boda anapona.