Utetezi wa Baisikeli Milimani

Binadamu hudharau kitu kwa sababu moja katika mbili: ama hakijui, ama amekizoea mno. Katika milima ya Kisii na Nyamira dharau zote mbili zimekutana. Baisikeli imedharauliwa kwa kuwa tumeizoea, na nchi yetu wenyewe imedharauliwa kwa kuwa hatuijui. Nia yangu katika insha hii ni kuvitetea vyote viwili kwa pamoja. Dai langu, msomaji, ni hili: kijana aliyesoma ana wajibu wa kuijua nchi yake kwa macho yake, chombo kilicho bora cha kumjulisha ni baisikeli, na asipoijua, nchi hiyo itaharibiwa mbele yake naye asitambue kilichopotea.

Nianze na chombo chenyewe. Atembeaye kwa miguu huona mengi, lakini hafiki mbali kabla jua halijachwa. Asafiriye kwa gari hufika mbali, lakini huona migongo ya viti na vumbi la waliotangulia. Baisikeli imesimama kati ya hao wawili. Ina mwendo wa kumfikisha mtu kijiji cha tano au cha sita kabla ya adhuhuri, na ina upole wa kumruhusu asimame kila apendapo, aitikie salamu, aulize jina la mto, anywe maji, kisha aendelee. Zaidi ya hayo, hufundisha kwa mwili. Mtoto wa Kiogoro aliyeambiwa darasani kwamba nchi yake ina miinuko na mabonde huliandika jibu hilo akapata alama. Yule aliyepiga pedali kutoka Kiogoro, akapita Keumbu hata akafika Keroka, anaujua kila mwinuko kwa pumzi zake na kila bonde kwa breki zake. Wa kwanza atasahau baada ya mtihani. Wa pili hataweza kusahau hata akitaka.

Najua kwamba hoja yangu ina wapinzani. Haifai kuwapuuza, afadhali tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza husema kwamba baisikeli ni chombo cha maskini, na kwamba mtu aliyesoma hujishusha akionekana juu yake. Namjibu kwamba umaskini si kipimo cha chombo. Jembe huonekana mkononi mwa maskini, na kalamu vilevile. Wala hajatokea mtu wa kusema kwa ajili hiyo kwamba jembe halilimi na kalamu haiandiki. Hata bodaboda, ambayo leo ni fahari ya vijana katika kila njia panda, ilianza kuwa baisikeli. Katika miaka ya 1960 wasafiri wa Busia walibebwa juu ya viti vya nyuma vya baisikeli kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda, na mwito wa wabebaji hao ndio uliokuwa jina. Pikipiki zilienea sana nchini Kenya baada ya serikali kuziondolea kodi zile ndogo mwaka wa 2008. Sikatai faida yake: humpeleka mgonjwa hospitali usiku, na hulisha nyumba nyingi. Lakini abiria wake amefumba macho kwa sababu ya upepo, na mwendeshaji wake amekaza macho njiani kwa sababu ya hatari. Wote wawili wamepita katika nchi, wala hapana kati yao aliyeiona.

Ikiwa heshima ndiyo inayotafutwa, baisikeli haikosi heshima. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akajifunza mashindano kwa Mkenya David Kinjah, kisha akashinda Tour de France mara nne. Mwaka wa 2024 Biniam Girmay, mtoto wa Asmara katika nyanda za juu za Eritrea, alijipatia fulana ya kijani katika mashindano hayo hayo. Chombo kilichowafikisha hao mbele ya macho ya ulimwengu hakiwezi kumfedhehesha mwanafunzi wa Nyaribari.

Mpinzani wa pili husema kwamba baisikeli ni ya nchi tambarare, na kwamba milima yetu haipandiki. Neno hili lilikuwa na nguvu zamani, baisikeli zilipokuwa nzito na zenye gia moja. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, katika jimbo la California, walianza kuteremka milima yao juu ya baisikeli kuukuu zenye matairi mapana. Wakaziongezea gia na breki imara, na hivyo ikapatikana baisikeli ya milimani. Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu, na ni huko, katika jiji la Kigali, mwezi wa Septemba 2025, ambako mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika Afrika. Jirani na hapo, katika mji wa Goma, watu hutumia chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala mnyororo, kubebea magunia ya viazi na makaa katika nchi ya volkano. Wenyeji walikithamini chombo hicho hata wakakijengea sanamu. Sembuse wewe mwenye gia! Na mahali pasipopandika, shuka usukume. Kusukuma baisikeli si aibu. Aibu ni kukata tamaa chini ya mlima ambao hujaujaribu.

Mpinzani wa tatu namtaja kwa huzuni, maana sauti yake ingali inasikika. Yeye husema kwamba msichana hapandi baisikeli. Ukimwuliza sababu, hataji sababu, hutaja desturi. Lakini hakuna desturi ya mababu juu ya baisikeli, kwa kuwa mababu hawakuwa nayo. Katika jimbo la Bihar, nchini India, serikali ilianza mwaka wa 2006 kuwapa wasichana fedha za kununulia baisikeli ili waendelee na masomo ya sekondari, na wasichana waliojiandikisha shuleni wakaongezeka sana. Nchi iliyompa binti yake magurudumu mawili ilimfupishia njia ya elimu. Basi amzuiaye hailindi heshima yake. Anamrefushia safari na kuupunguza ulimwengu wake.

Nimemweka mwisho mpinzani aliye mkubwa kuliko wote. Yeye huikubali baisikeli, lakini huuliza, "Kuna nini cha kutazama huku kwetu?" Huamini kwamba mandhari ni mali ya Ulaya na kwamba historia iko vitabuni. Na tumpeleke basi huko anakokusifu. Magharibi mwa Uhispania, katika nchi ya Extremadura, wageni hulipa fedha nyingi ili wapande baisikeli kupita misitu ya mialoni. Mwaloni ni mti mgumu, mrefu wa maisha. Kokwa zake huanguka majira ya baridi zikaliwa na nguruwe wanaochungwa chini yake. Aina mojawapo hubanduliwa gome kila baada ya miaka 9 hivi, likatengenezwa vizibo vya chupa, na mti ukabaki hai. Wageni hao huvuka daraja la Warumi huko Mérida, na katika mji wa Trujillo huonyeshwa majumba ya mawe yaliyojengwa kwa utajiri uliotoka Peru, baada ya Pizarro, mzaliwa wa mji huo, kuishinda dola ya Wainka. Na serikali ya nchi hiyo, tangu mwaka wa 1993, imezigeuza reli zilizoachwa kuwa njia za miguu na baisikeli, ambazo leo zimepita kilomita 3,000.

Nchi hiyo ni nzuri, sikatai. Lakini nauliza: ina nini ambacho sisi tumekosa? Wao wana majumba ya mshindi. Sisi tuna vilima vya walioshindwa wasikubali. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo, aliyetiwa moyo na Moraa, nabii wa kike, alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, hata mwaka wa 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na majeshi yaliyotumwa kulipiza kisasi yakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Mambo hayo yalitendeka katika nchi hii unayoikanyaga kila siku. Wao wana daraja la Mérida. Sisi tuna mlima wa Manga, ambao kutoka kileleni mwake, siku ya anga safi, huonekana ziwa Victoria. Wao wana njia za reli. Sisi tuna vijia vya kuteremkia mto Gucha, unaoanzia katika miinuko ya Kiabonyoru na kwenda kumwaga maji yake ziwani. Tofauti ni moja tu: wao huiendea nchi yao, sisi huikimbia yetu. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani yake huijui hila yake. Nami naongeza kwamba huijui hazina yake pia.

Hapa ndipo ubishi wangu unapoacha kuwa maneno ya burudani. Mialoni ya Extremadura ingali imesimama kwa kuwa wenyewe wanaijua na wanafaidika nayo bila kuikata. Tazama sasa vilima vyetu. Katika kaunti ya Kisii, hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa hata yamekuwa vipande, na juu ya vingi kati ya vipande hivyo umesimama mkaratusi, mti wa Australia ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya ishirini ili kuni zake ziendeshe gari-moshi. Simlaumu mkulima. Mkaratusi hukua upesi, viwanda vya chai hununua kuni zake, na karo ya mtoto haingoji omotembe ukue. Lakini mti huo hunywa maji mengi, na mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru ile iliyopandwa kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Amri ya waziri hupita. Chemchemi huhitaji mlinzi akaaye karibu nayo. Nani atakuwa mlinzi huyo, ikiwa vijana wa kijiji hawajui chemchemi iko wapi, wala hawawezi kuutofautisha omosocho na mti mwingine wowote? Mti usiojulikana jina haulilii mtu unapoanguka. Kilima kisichopitwa na wenyeji hupimwa na wengine, kikauzwa, kikachimbwa, na siku ya kulalamika hakuna ajuaye kilikuwaje.

Basi, msomaji kijana, sikuombi uwe bingwa wa mashindano. Nakuomba neno dogo na gumu. Ikiwa nyumbani kwenu kuna baisikeli iliyoegemezwa ukutani, iteremshe. Ziba pancha, paka mnyororo mafuta, na ujaribu breki mara mbili, maana miteremko yetu haimsamehe mzembe. Vaa kofia ngumu. Usipokuwa na baisikeli, azima, au ushirikiane na mwenzio kununua kuukuu. Wengi waionao kuwa ghali wamebeba mfukoni simu ya bei kama hiyo. Chukua daftari. Likizo ijayo nenda Manga, au fuata mto Gucha sehemu moja tu ya njia yake. Kila upitapo penye mzee, shuka, msalimu kwa adabu, umwulize jina la kilima kilicho mbele yako, na la mti ulio juu yake, na ni miti gani iliyokuwapo alipokuwa mtoto. Andika atakayokuambia. Wazee hao hawatakungoja daima, na chemchemi nazo hazitakungoja.