Masisi na Walikale: Bei ya hofu haidumu

Katika Masisi na Walikale, vita ikikaribia mtaa, soko linafungwa, shule inafungwa, na motari wanapandisha bei ya safari. Biashara moja tu haifungwi: ile ya parsele. Mizigo ikiwa imekwisha kufungwa na watoto wako njiani, mtu anafika mlangoni na noti za dola mkononi na kusema: "Baba, pokea hizi. Kesho hata hizi hutazipata." Na baba anapokea.

Wakaaji wengi wa Sake, Kitchanga, Nyabiondo na Pinga wanaijua hadithi hiyo. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: bei iliyokubaliwa kwa hofu haidumu. Hofu ikiisha, aliyeuza haitambui tena bei ile, lakini karatasi aliyoitia kidole ingalipo. Hapo kesi inazaliwa, na katika milima hii kesi ya parsele haikawii kugeuzwa kuwa kesi ya kabila.

Nyumba moja, bei mbili

Mwaka 1990 wataalamu watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliwapa wanafunzi fulani vikombe, wengine hawakupewa kitu, kisha wakaruhusu wauziane. Waliopewa vikombe walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Vikombe vilikuwa vya aina moja, na wenyewe walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi tu. Kumiliki kitu peke yake kulikipandisha bei machoni pa mwenyewe.

Ikiwa ni hivyo kwa kikombe, itakuwaje kwa nyumba? Mwenye nyumba wa Masisi haoni mbao na manjanja tu. Anaona misimu ya maharagwe na viazi iliyolipa misumari. Anaona kaburi la mama yake nyuma ya migomba, na mahali ambapo watoto wake walijifunza kutembea. Mnunuzi haoni hayo. Anahesabu mita, anaangalia umbali kutoka barabarani na mahali maji yanapopatikana. Wote wawili wanasema ukweli wao, na bei zao hazilingani.

Wakati wa amani, tofauti hiyo inatatuliwa kwa kungoja. Mwenye nyumba anakataa, mnunuzi anaongeza kidogo, wazee wanakaa katikati, majirani wanaonyesha mipaka. Inaweza kuchukua mwezi au miwili. Vita inaondoa kungoja huko. Mtu anayekimbia anaiona nyumba yake kama imekwisha kuungua. Akiamini hivyo, hata dola 100 anazopewa anaziona kama zawadi, wala si bei. Kwa hiyo anauza chini ya vile mnunuzi mwenyewe angekubali kulipa.

Halafu anarudi. Nyumba haikuungua. Kaburi lipo, migomba imezaa, na mtu mwingine anachuma. Siku hiyo mapenzi yote ya nyumba yanamrudia kwa nguvu, na zile dola 100 anaziona kama wizi. Mnunuzi naye amekaa humo, amebadilisha mlango, amepanda mboga. Naye sasa ana mapenzi yake. Watu wawili wanaipenda nyumba moja, na kila mmoja ana sababu.

Hofu haitembei peke yake

Hofu ina wenzake. Wa kwanza ni uvumi. Habari ya mdomo inafika kabla ya vita: mtaa fulani umekwisha kuanguka, nyumba zinachomwa, hakuna atakayerudi. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine anayeisambaza ndiye anayetafuta parsele, au ni komisyoneri wake. Anayeuza kwa sababu ya uvumi anauza kwa bei ya mtu mwingine.

Wa pili ni haya. Baba aliyekuwa na ng'ombe na shamba anajikuta chini ya hema kambini, akingoja unga kwenye mstari. Mtoto anaugua, dawa inahitaji pesa. Kuomba kunamchoma kuliko kuuza, basi anauza parsele ya kijijini bila kumwambia mke wake wala ndugu zake. Kuuza kunafichwa, na kilichofichwa ndicho kinacholeta ugomvi mkubwa baadaye.

Wa tatu ni tumaini. Familia ileile iliyouza kwa bei ya kutupa kule Kitchanga inataka mahali pa kulala pengine, na hapo inanunua kwa bei ya juu, kwa sababu usalama unaonekana kuwa karibu na bara bara ya lami. Pembeni ya machimbo ya Rubaya, au barabara ya Walikale inayoelekea kwenye bati la Bisie, tumaini la madini linapandisha bei vilevile. Machimbo yakisimama, bei nayo inaanguka. Mhami anapoteza mara mbili: anapouza na anaponunua.

Mwaka 2025 ulionyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka haraka. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 tarehe 4 Januari. Mwisho wa mwezi huohuo Goma ikafuata, na benki za mji zikafunga milango. Februari kambi za wahami pembeni ya Goma zikavunjwa, na maelfu ya familia wakashika njia ya kurudi Sake na Masisi. Walikale-centre ilichukuliwa tarehe 19 Machi, na mwanzoni mwa Aprili waasi wakaondoka. Katika wakati kama huo, pesa taslimu ikiwa adimu, mtu mmoja mwenye dola mfukoni anapanga bei ya mtaa mzima. Aliyeuza Machi kwa kuamini kwamba hatarudi kamwe, Aprili angeweza kuwa amesimama mbele ya mlango wake.

Masisi imekwisha kuyaona haya

Si mara ya kwanza. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita ikasambaa mpaka Masisi. Katika miaka iliyofuata watu wa makabila mbalimbali walikimbia. Baadhi waliuza mashamba na malisho kwa haraka, kwa bei ambayo wakati wa amani ingechekesha. Waliporudi, wengine waliyadai. Aliyenunua alionyesha karatasi. Aliyeuza alisema aliuza huku roho ikiwa mkononi. Baadhi ya kesi hizo zilirithiwa na watoto. Tangu mwaka 2009 shirika la UN-Habitat limesaidia kazi ya upatanishi wa ardhi katika Kivu Kaskazini, na wapatanishi wa vijijini wanajua kwamba mauzo ya wakati wa vita ni magumu kuliko ugomvi wa mpaka wa kawaida.

Sheria inasaidia, lakini haitoshi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliweka ardhi yote mikononi mwa Serikali, na haki ya mtu ikawa inathibitishwa na hati ya usajili. Kwa ardhi ya desturi, ambako wakaaji wengi wa vijijini wanaishi, iliahidi amri ya Rais. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo. Kwa hiyo parsele nyingi zina ushahidi wa majirani na muhuri wa shefu tu, na vita inatawanya majirani na kufukuza mashefu.

Hata hivyo, amri ya mwaka 1888 juu ya mikataba inakubali kwamba ridhaa iliyotolewa kwa makosa, kwa kutishwa au kwa kudanganywa si ridhaa kamili. Aliyelazimishwa kwa bunduki, au aliyedanganywa kwa uvumi wa makusudi, ana njia ya kudai. Lakini lazima alete ushahidi, na aliyekimbia usiku hana shahidi. Aliyeuza kwa sababu tu aliogopa vita, bila mnunuzi kumtisha, ana kazi ngumu zaidi mbele ya hakimu. Ndiyo sababu ni afadhali kuzuia kesi kuliko kuishinda.

Basi wasiuze?

Kuna watakaosema: mhami asiuze kabisa, mashefu wakatae kila mauzo wakati wa vita. Neno hilo ni zuri kinywani mwa mtu aliyeshiba. Mama mwenye mtoto anayehitaji damu hospitalini hawezi kungoja amani. Akikatazwa kuuza wazi, atauza kwa siri, na bei itashuka zaidi.

Njia iliyo bora ni kutenganisha pesa ya leo na umiliki wa kesho. Mwenye parsele anaweza kukodisha shamba kwa msimu mmoja au miwili badala ya kuliuza. Anaweza kuuza kipande, akaacha penye nyumba na makaburi. Ikibidi auze yote, karatasi inaweza kuandikwa na sharti la kukomboa: akirudi kabla ya muda waliokubaliana na kurudisha pesa, pamoja na gharama za kazi aliyofanya mnunuzi, anapata parsele yake. Mnunuzi mwaminifu hapotezi kitu kwa sharti hilo. Anayelikataa kabisa anaonyesha kwamba alikuwa akinunua hofu ya mwenzake.

Karatasi yenyewe iwe na majina ya mume na mke, kwa kuwa sheria ya jamaa inataka wote wawili wakubali nyumba inapouzwa. Iwe na majirani wa pande zote kama mashahidi, hata kama wamekutana kambini. Iandike bei, tarehe, na hali ilivyokuwa siku hiyo. Picha yake itumwe kwa simu kwa ndugu aliye mbali, kwa sababu karatasi inaungua na simu inaibiwa, lakini si rahisi vyote vipotee pamoja.

Mnunuzi naye ana faida yake katika hayo. Si kila anayenunua ni mnyang'anyi. Wengine ni wahami wanaotafuta mahali pa kulala. Lakini parsele ya rahisi kupita kiasi ni ghali. Aliyelipa robo ya bei ya kawaida amejinunulia jirani mwenye hasira, safari za mahakama, na usiku bila usingizi kila uongozi unapobadilika. Angelipa zaidi kidogo na kukubali sharti la kukomboa, angelala.

Na kwa mashefu na wapatanishi, ombi ni moja. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unataka mali iliyoachwa na wahami ilindwe. Hakuna anayengoja ulinzi huo utoke mbali wakati muhuri uko mezani kwa shefu. Kabla ya kuutia, amuulize muuzaji maswali matatu mbele ya mke wake: "Unauza kwa sababu gani? Usingekimbia, ungeuza? Ukirudi, utakaa wapi?" Majibu yaandikwe kwenye karatasi ileile. Na kama hakuna jibu la swali la tatu, wakae chini tena waongee habari ya kukodisha.