Picha ya rangi si kipimo

Nimekuwa kimya kidogo, sijawakimbia. Ni msimu wa projekti za mwaka wa mwisho na hapa chuoni watu wanalala na laptop kifuani. Leo nina la kusema, na najua kuna wenzangu watakaoninunia.

Projekti nyingi za uhandisi siku hizi ni simulesheni tupu, yaani uigaji wa kompyuta mwanzo mwisho. Mtu wa ujenzi anachora boriti ya zege kwenye ANSYS, inatoka picha ya rangi: nyekundu panapoumia, bluu palipo salama. Mtu wa mawasiliano anaweka simu 50 za kuigiza ndani ya ns-3, inatoka grafu. Jopo linaitikia kwa kichwa, alama zinatolewa. Uliza sasa, "ndugu, hii namba ya uimara wa zege umeitoa wapi?" Utajibiwa ilikuwemo kwenye programu. Eti ilikuwemo!

Tuelewane. Simulesheni naipenda, tena sana. ns-3 inapatikana bure tangu 2008, na kwa mwanafunzi anayesubiri bumu hiyo ni maabara isiyokatwa ada. Lakini kompyuta haimjui fundi wako aliyeongeza ndoo mbili za maji ili zege limwagike vizuri. Inajua ulichoiambia tu, na usipoiambia kitu inajaza yenyewe.

Kuna kisa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa ujenzi akijue. Tarehe 23 Agosti 1991, huko Gandsfjord karibu na Stavanger, Norwei, walikuwa wanajaribu kuzamisha taratibu kitako cha zege cha jukwaa la gesi liitwalo Sleipner A. Kitako kile kilikuwa na mapipa makubwa ya zege 24 yaliyoshikana. Pale mapipa matatu yanapokutana panabaki uwazi wa pembetatu, na maji ya bahari yanaingia humo na kusukuma kuta. Hesabu zilifanywa na NASTRAN, programu inayoheshimika mpaka leo. Namna yake ni kulikata umbo vipande vidogo vidogo na kupiga hesabu kipande kwa kipande. Sasa pale kwenye kona, penye kazi ngumu kuliko kote, vipande vilikuwa vikubwa mno na vimepinda vibaya. Programu ikapunja nguvu za kukata ukuta kwa asilimia 47. Nondo zikawekwa kwa kufuata hesabu ile, tena hazikufungwa vya kutosha kwenye ncha.

Ukuta ulipasuka, kitako kikazama na kuvunjikavunjika chini. Hasara kama dola milioni 700. Bahati nzuri hakuna aliyekufa.

Kilichonishika mimi ni kilichofuata. Wataalamu walirudia hesabu kwa uangalifu wakaona ukuta ule ulipaswa kupasuka kwenye kina cha mita 62. Ulipasuka mita 65! Yaani jibu lilikuwa linapatikana kabla. Na kitako kipya walianza kukisanifu kwa hesabu za mkono, za enzi za kabla ya kompyuta, kwa sababu hawakutaka kusubiri uchambuzi mwingine mkubwa.

Watu wa netiweki, msicheke, zamu yenu. Mwaka 2004 David Kotz na wenzake wa Dartmouth, Marekani, walikusanya mambo ambayo watafiti wa mawasiliano bila waya huyachukulia kuwa kweli: dunia ni tambarare, mawimbi yanaenea kwa duara kamili, nikikusikia basi na wewe unanisikia. Wakatoka uwanjani na laptop halisi kuyapima, yakawa si kweli. Mtu yeyote aliyewahi kupanda juu ya kitanda cha hosteli kutafuta netiweki angewaambia hivyo hivyo.

Mwaka mmoja baadaye Kurkowski, Camp na Colagrosso wakapitia makala za mkutano wa MobiHoc za 2000 mpaka 2005. Kati ya makala 151, 114 zilitumia simulesheni. Ambazo mtu mwingine angeweza kuzirudia hazikufika asilimia 15. Na hao ni wasomi wa kimataifa, sembuse sisi tunaokesha siku mbili kabla ya kukabidhi.

Najua utetezi. Maabara ina foleni, mashine ya kuvunjia zege mbovu, saruji ni hela. Kweli kabisa, na chuo kinatakiwa kulaumiwa kwa hilo. Ila sidai mtu ajenge daraja! Mwaga kyubu tatu, ngoja siku 28, zivunje, halafu weka namba hiyo kwenye simulesheni badala ya ile uliyoikuta. Wa netiweki tembea na simu kutoka hosteli hadi maktaba, andika nguvu ya mawimbi kila baada ya hatua kumi. Ni jioni moja tu, na gharama yake ni viatu.

Na ripoti iwe na ukurasa mmoja mbele kabisa: nimedhani hivi na hivi, toleo la programu ni hili, nimekata vipande vya ukubwa huu, nilipovipunguza nusu jibu lilibadilika kiasi hiki. Ripoti isiyo na ukurasa huo jopo liirudishe, hata kama picha zake zinang'aa namna gani. Ni ukali, ndiyo. Lakini baadhi ya tunaowapigia makofi leo, miaka michache ijayo watakuwa wanatia sahihi michoro ya ghorofa, na wapangaji hawataonyeshwa picha ya rangi kabla ya kuhamia.

Bado projekti za mwaka huu hazijakabidhiwa zote. Wenye kyubu, kamwageni.