Tuonyesheni Waliohitimu

JICHO LA JUMAPILI
Na Zubeda Msangi

Shule zikikaribia kufungwa huko Houston, Texas, mtandao wa shule za mkataba wa YES Prep hukusanya ukumbini wazazi, walimu na wanafunzi wa madarasa ya chini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupanda jukwaani, hushika kipaza sauti, hutaja jina lake na chuo kikuu anachokwenda, kisha hukunjua fulana au bendera ya chuo hicho na kuipunga. Ukumbi mzima hulipuka kwa shangwe. Wameiga desturi ya michezo ya Marekani, ambako kijana hodari wa mpira husaini mbele ya kamera kwamba atachezea chuo fulani. Shule ikauliza: mwenye kipaji cha hesabu ana kosa gani hata asishangiliwe?

Hoja hiyo siibishii. Ninachobishia ni kuishia hapo. Kinachopungwa jukwaani ni habari ya kupokelewa, na kupokelewa chuoni hakujampa mtu shahada. Shule inayojinadi kwamba inaandaa watoto kwa chuo kikuu ipimwe kwa idadi ya waliotoka chuoni wakiwa wamehitimu.

Kwa asiyezijua, shule za mkataba, au charter kama Wamarekani wanavyoziita, zilianzia Minnesota kwa sheria ya mwaka 1991. Ni shule za umma: fedha zinatoka serikalini na mzazi halipi ada. Ila zinaendeshwa na bodi zao zenyewe, zilizotiliana saini na mamlaka husika kwamba zipewe uhuru wa kupanga ratiba, walimu na ufundishaji, na zikishindwa kazi mkataba uvunjwe. Waombaji wakizidi nafasi, majina huingia kwenye bahati nasibu. Leo zina wanafunzi zaidi ya milioni 3. Ziko za kila namna, lakini zilizovuma ni zile zilizofunguliwa kwenye mitaa ya kimaskini ya Weusi na Walatino kwa ahadi moja, kwamba mtoto atafika chuo kikuu. KIPP, iliyoanzishwa Houston mwaka 1994 na walimu wawili vijana, Mike Feinberg na Dave Levin, ndiyo iliyowafungulia wengi njia.

Ahadi hiyo ina bei yake. Katika KIPP ya mwanzo, mzazi, mtoto na mwalimu walitia saini karatasi ya masharti. Masomo yalianza mnamo saa moja na nusu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni, bado Jumamosi na sehemu ya likizo. Walimu waligawa namba zao za simu ili aliyekwama kwenye kazi ya nyumbani apige usiku. Katika shule nyingi za aina hii darasa haliitwi 5B. Lina jina la chuo alikosoma mwalimu, na mtoto wa miaka kumi anajua ataingia chuoni mwaka gani kabla hajajua ataingia kusomea nini.

Nidhamu nayo ilishuka hadi kwenye shingo na macho: keti wima, sikiliza, uliza na ujibu, itikia kwa kichwa, mtazame anayesema. Korido hupitwa kimya, kwa mstari. Kwenye mtandao wa Noble, Chicago, makosa madogo madogo ya mavazi na uchelewaji yalirundikwa hadi yakatosha kumbakiza mwanafunzi baada ya masomo, na familia ikalipishwa dola 5 kwa adhabu hiyo. Wazazi walipiga kelele kwa miaka, na tozo ikafutwa mwaka 2014. Mwaka 2020 KIPP nayo iliiacha kaulimbiu yake ya tangu zamani, ya kuwataka watoto wachape kazi na wawe wema, ikikiri kwamba iliutukuza mno utii.

Kuanzia darasa la 9 hadi la 12 mzigo unahamia kwenye vitabu. Kuna masomo ya AP, yanayofundishwa sekondari kwa kiwango cha chuo, na mtihani wake wa Mei husahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Vyuo vingi humpunguzia mzigo wa masomo aliyepata 3 au zaidi. Shule za BASIS, zilizoanzia Tucson mwaka 1998, hazimhitimishi mwanafunzi asiyefanya mitihani kadhaa ya aina hiyo. Juu yake kuna mtihani wa SAT, insha ya maombi, barua za walimu na wastani wa alama wa miaka minne.

Matunda yapo, na mwenye haki hayakatai. Bahati nasibu ile ile imewapa watafiti kipimo kizuri, kwa kuwa wanaweza kulinganisha walioshinda nafasi na walioikosa. Mjini Boston, waliopata nafasi kwenye shule za mkataba walipanda sana katika hesabu na Kiingereza. Anayesema shule hizi ni maonyesho matupu hajatazama takwimu.

Lakini alama nzuri na barua ya chuo ni mwanzo tu. Mwaka 2011 KIPP ilifanya jambo ambalo shule chache zinathubutu: iliwafuatilia wanafunzi wake wa mwanzo kabisa, waliomaliza darasa la 8 miaka kumi au zaidi nyuma, ikahesabu wangapi wana shahada ya miaka minne. Ikapata asilimia 33. Kwa watoto wa familia maskini Marekani nzima, kiwango kilikuwa kama asilimia 8. Wangeweza kupiga vigelegele na kufunga daftari, maana hiyo ni mara nne. Badala yake waliandika wazi kwamba lengo lao ni asilimia 75, wanachofikia watoto wa matajiri, na kwamba wako mbali nalo.

Theluthi mbili hawakufika. Kwa nini, ikiwa walilelewa kwa ratiba kali namna ile? Naona jibu moja liko kwenye ratiba yenyewe. Kijana aliyepangiwa kila dakika tangu utotoni anafika mahali ambapo mhadhara ni mara mbili kwa wiki, hakuna anayepiga kengele na hakuna anayeuliza jana ulikuwa wapi. Amefundishwa kutii ratiba ya mwingine, hakufundishwa kujitungia yake. Jibu la pili ni fedha. Msaada wa serikali kuu unaombwa kwa fomu iitwayo FAFSA, na fomu hiyo hujazwa upya kila mwaka, si mara moja. Wapo wanaopotea hata kabla ya kufika: wamepokelewa, wameshangiliwa, kisha katika miezi ya kiangazi zinakuja barua za amana ya bweni, bima ya afya na mtihani wa kupangiwa madarasa. Shule ya sekondari imefungwa, chuo hakimjui bado, na nyumbani hakuna aliyewahi kusoma barua kama hizo. Septemba anaonekana dukani akipanga bidhaa.

KIPP, iliyoanza na sekondari ya chini tu, ilikuwa imekwisha kuanza kufungua sekondari za juu, ya kwanza Houston mwaka 2004, na ikaimarisha kitengo cha kuwafuata vijana hadi vyuoni. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya Mathematica walitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto wa bahati nasibu za KIPP. Waliosoma KIPP sekondari ya chini peke yake hawakuonyesha tofauti ya uhakika katika kuhitimu chuo. Waliosoma ya chini na ya juu walihitimu kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao. Miaka ile ya sheria kali za korido, peke yake, haikutosha. Ninavyosoma mimi, kilichozaa ni kukaa na mtoto muda mrefu na kumshika mkono mpaka ng'ambo ya lango.

Kuna hesabu nyingine ya kuiangalia vizuri. Mwaka 2010 shule ya wavulana ya Urban Prep, Chicago, ilitangaza kwamba wahitimu wake wote 107 wamepokelewa vyuo vya miaka minne. Ni fahari halali, na wavulana wale walitoka mitaa ambayo magazeti huitaja kwa risasi tu. Hata hivyo asilimia mia ya wahitimu si asilimia mia ya waliopokelewa darasa la 9. Shule yoyote yenye masharti makali hupoteza watoto njiani, na wanaoondoka mara nyingi ni wale waliohitaji msaada zaidi. Hesabu ya haki inaanzia siku ya kwanza.

Nayaandika haya kwa sababu mlango wa shule hizi sasa unabishwa kwa Kiswahili pia. Familia nyingi za Wakongomani waliohamishiwa Marekani zilitoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyozipokea. Mama aliyelelea watoto kambini anaposikia kuna shule ya bure yenye sare, kazi nyingi na ahadi ya chuo kikuu, atakimbilia. Na mimi ningekimbilia. Ila kabla ya kutia saini karatasi ya masharti aulize mambo matatu, na mkalimani awepo. Waliokuja darasa la 9 miaka kumi iliyopita, wangapi wana shahada leo? Mtoto wangu akimaliza, nani wa kwenu atampigia simu Julai na Agosti? Na mwaka wa pili wa chuo, fomu ya fedha itajazwa na nani?

Kwetu nyumbani Tanzania hatuna la kuwacheka. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, lakini mabango ya shule bado yanapiga kelele za Division One barabarani. Sijaona bango hata moja lenye idadi ya waliomaliza shahada. Mkuu wa shule anajua darasa lake la mwaka jana limepata pointi ngapi. Mwulize darasa la miaka sita iliyopita liko wapi, atakuelekeza kwa mhasibu.

Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, namba za simu za wahitimu na mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi ili azipige. Shule zetu kubwa za binafsi, zinazotoza mamilioni kwa jina la chuo kikuu, zianze na darasa lililomaliza kidato cha sita mwaka 2018. Zitoe idadi kamili, pamoja na walioacha njiani, na ziibandike pale pale kwenye bango la Division One. Wizara ikiona wazazi wanaisoma, haitachelewa kuidai kwa wote.