Maoni: Gari lisihukumiwe kwa kung'aa peke yake

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Pebble Beach katika jimbo la California nchini Marekani, waamuzi wa maonyesho ya magari ya zamani walitoa tuzo yao kubwa kwa gari lenye rangi iliyochakaa. Ni Bugatti Type 59 ya mwaka 1934, nyeusi yenye mistari ya manjano, mali ya tajiri mmoja wa Uswisi. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1950. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la kundi la yale yaliyohifadhiwa jinsi yalivyo, bila kupakwa rangi mpya wala kutengenezwa upya, kuchukua nafasi ya kwanza mbele ya yote.

Mama anayeuza makaa Goma, au baba anayelala na watoto wake chini ya hema, anaweza kuuliza: habari hii ya matajiri inatuhusu nini? Inawahusu kwa mambo mawili. Kwanza, gari hilo liliwahi kuwa la mfalme aliyetawala Kongo. Pili, namna lilivyohukumiwa ina somo kwa kila mtu anayepanda gari katika barabara za Kivu.

Tuanze na namna ya kuhukumu. Pebble Beach hakuna mwamuzi anayepita tu na kusema hili ni zuri, lile ni baya. Magari yanagawanywa kwa makundi, na kila kundi lina waamuzi wake wanaofanya kazi pamoja. Kila gari linaanza na alama 100, na alama zinapunguzwa kwa kila kasoro. Mwenye gari anasimama kando ya gari lake na kujibu maswali. Waamuzi wanataka kusikia injini ikiwaka na kuona taa zikifanya kazi. Wanauliza kama kipuri hiki ni cha asili au kimetoka kwenye gari lingine, na wanasoma karatasi zinazoonyesha gari limepitia kwa nani na nani. Waamuzi wengine wanatazama uzuri wa umbo. Mwishoni washindi wa makundi wanapigiwa kura ili kupata mmoja.

Kuna kanuni nyingine inayopendeza zaidi. Tangu mwaka 1998, siku ya Alhamisi kabla ya maonyesho ya Jumapili, magari yanaalikwa kwenye safari ya barabarani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100. Magari mawili ya kundi moja yakilingana alama, lile lililomaliza safari ndilo linapewa ushindi. Kwa hiyo gari lililobebwa juu ya lori na kushushwa kwenye majani likiwa safi linaweza kushindwa na jirani yake aliyekula vumbi.

Lakini kwa miaka mingi waamuzi hao walivutwa sana na mng'aro. Miaka ya mwanzo tuzo zilikwenda kwa magari mapya. Mwaka 1955 dereva Phil Hill, ambaye baadaye mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, alishinda kwa gari kuukuu, Pierce-Arrow ya mwaka 1931 iliyotengenezwa upya. Kuanzia hapo matajiri walielewa kwamba gari la zamani linaweza kushinda, na mashindano yakawa ya kutengeneza upya. Mafundi walivua rangi yote, wakabadilisha ngozi, wakasugua chuma mpaka mtu ajione usoni. Magari mengine yalifika uwanjani yakiwa mazuri kuliko siku yalipotoka kiwandani, lakini alama zote za maisha yake zilikuwa zimefutwa.

Ndiyo sababu uamuzi wa mwaka 2024 ulikuwa wa haki. Rangi mpya inapatikana kwa mwenye pesa. Miaka tisini haipatikani kwa pesa. Bugatti hiyo ilikimbia kwenye mashindano makubwa ya Ulaya, ikashinda Grand Prix ya Ubelgiji mwaka 1934, kisha ikabadilishwa na kushindana tena mwaka 1937. Rangi iliyopasuka na chuma kilichochubuka ni ushahidi wa kazi hiyo. Kuipaka rangi upya kungekuwa kama kuchukua kitabu cha zamani na kufuta maandishi ili karatasi ionekane nyeupe.

Sasa tuje kwa mfalme. Mwaka 1938 gari hilo liliuzwa kwa Leopold III, mfalme wa Wabelgiji kuanzia mwaka 1934 mpaka 1951. Wasomaji wasimchanganye na Leopold II, yule aliyeifanya Kongo mali yake mwenyewe tangu mwaka 1885 mpaka 1908, na ambaye watu wake waliwakata wanakijiji mikono kwa sababu ya mpira wa porini. Leopold III alikuja baadaye, wakati Kongo ikiwa koloni la taifa la Ubelgiji. Alipenda magari ya mbio, na magari yalimletea pia msiba: tarehe 29 Agosti 1935, huko Küssnacht nchini Uswisi, gari alilokuwa akiliendesha mwenyewe liliacha barabara na mkewe, malkia Astrid, akafa.

Karatasi za Bugatti zinataja jina la mfalme huyo, na jina hilo linaongeza bei. Mwaka 2020 gari liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 9. Hapo ndipo hukumu ya Pebble Beach inabaki na upungufu. Waamuzi wanauliza gari lilikuwa la nani. Hawaulizi wakati mfalme akiendesha gari hilo, raia wake wa upande huu walikuwa wakifanya nini. Mwaka 1938 wakulima wa Kongo walikuwa wakilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei waliyopangiwa, na shaba ya Katanga ilikuwa ikisafirishwa kwenda ng'ambo. Hii haimaanishi kwamba gari lile lilinunuliwa kwa jasho la mtu fulani wa Kongo, wala chuma hakina dhambi. Lakini kama historia ya gari inahesabiwa kuwa sehemu ya thamani yake, basi ihesabiwe yote. Jina la mfalme lisiwe pambo tu. Ulaya ilipoanza kutumia matairi ya kujazwa upepo, baada ya mwaka 1888, mpira uliohitajika ulitoka pia katika misitu ya Kongo, na watu waliulipia kwa damu. Leo magari ya umeme yanahitaji kobalti ya Lualaba na Katanga ya Juu. Mkongomani ana haki ya kuulizwa anapoitwa mtu kuhukumu uzuri wa gari.

Somo la pili liko karibu zaidi na nyumbani. Magari mengi yanayotembea Goma, Bukavu, Butembo na Uvira yametumika kwanza Japani, yakapitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, mengine yakiwa bado na usukani upande wa kuume. Yanafika yakiwa yamechoka. Muuzaji anajua mnunuzi anatazama nini: anaosha, anapaka rangi, anaweka vitambaa vipya vya viti na redio yenye sauti kubwa. Mnunuzi anafurahi. Abiria wanapanda. Kisha kwenye mteremko, mvua ikinyesha, breki zinakataa, na familia ambazo hazikuhusika katika biashara hiyo zinazika watu wao.

Katika mteremko huo hakuna tuzo ya rangi. Anayenunua gari la kubeba watu na afanye kama waamuzi wale wanavyofanya wakiwa makini: aende na fundi, asikie injini ikiwaka ikiwa baridi, atazame chini ya gari, aulize kila kipuri kimetoka wapi, asome karatasi, kisha alipeleke barabarani kabla ya kutoa pesa. Wakaguzi wa serikali nao wafungue kofia ya injini na kukanyaga breki. Kutazama karatasi na kupokea malipo peke yake si ukaguzi. Vyama vya madereva visione haya kumzuia mwenzao ambaye gari lake linang'aa lakini halisimami.

Watu wa Goma wanajua jambo hili bila kufundishwa. Mwezi wa Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka na mji ukaambiwa uhame, barabara ya kwenda Sake ilijaa watu. Siku hiyo gari zuri lilikuwa lile lililowaka na kufika. Gari lililopasuka vioo na kubeba bibi, watoto na magodoro lilikuwa na thamani kuliko jipya lililozimika njiani. Na waliokosa gari walitegemea chukudu, ile ya mbao, yenye kipande cha tairi kuukuu kwenye magurudumu.

Mwenye chukudu hajali mbao zake zimechubuka kiasi gani. Anaipakia magunia ya viazi, anaishusha kwenye mteremko, anakanyaga breki. Ikisimama, amepata chombo. Waamuzi wa Pebble Beach walichukua zaidi ya miaka sabini kufika karibu na hukumu hiyo.