Kemia ya Darasani na Moshi wa Jikoni

Katika shule zetu za sekondari wanafunzi hufundishwa jinsi metali inavyotolewa katika mawe yake. Oksidi ya shaba, ambayo ni unga mweusi, huchanganywa na unga wa mkaa na kupashwa moto mkali. Kaboni ya mkaa huichukua oksijeni, na shaba nyekundu ikabaki. Somo hili ni zuri. Ila kwa maoni yangu, hapa Katavi halijakamilika mpaka mwalimu aulize: kile kilichotoka kimekwenda wapi?

Kwetu swali hilo ni la uhai. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliofungwa mwaka 1960. Mawe ya eneo hili yana risasi, shaba, fedha na dhahabu. Leo wachimbaji wadogo wa Dirifu, Ibindi na kwingineko wanatafuta dhahabu, na wengi hutumia zebaki.

Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu zilizomo katika unga wa mawe. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini dhahabu haiyeyuki hadi nyuzi 1,064. Hivyo zebaki hutoka ikiwa mvuke, nayo dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna harufu wala hauonekani. Ukivutwa huingia katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Aliyedhurika hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau na kuwa mwepesi wa hasira, hata majirani wakadhani amerogwa. Kwa mama mjamzito, sumu humfikia mtoto aliye tumboni.

Wapo wanaochoma donge hilo nyumbani, kwenye jiko lile lile la kupikia ugali, ili wezi wasione. Watoto wako pembeni.

Risasi nayo ni hatari. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi kusagwa majumbani. Vumbi liliwaingia kwa mikono, kwa chakula na kwa pumzi. Sisi tusingoje msiba ndipo tujifunze.

Najua watu watasema kwamba njaa haina subira, na dhahabu ndiyo inayonunua sare na madaftari. Ni kweli, wala siwaambii waache kuchimba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauingii jikoni mwa mtu. Anayeingia humo kila jioni ni mwanafunzi, naye akielewa anaweza kumweleza baba yake.

Kwa hiyo naomba mambo manne:

1. Walimu wa kemia wafundishe habari za zebaki kwa maneno, wala wasiichome darasani. Jaribio la shaba na mkaa lifanyike mahali penye hewa ya kutosha. Oksidi ya risasi isitumiwe.

2. Wachimbaji wachomee donge mbali na nyumba, ndani ya retoti, chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke. Zebaki hurudi ikiwa maji na kutumika tena; hivyo hata mfuko hupata nafuu.

3. Kusaga mawe kusifanyike nyumbani. Nguo za kazini zisiingie ndani, na mikono inawe kabla ya kula. Maziwa hayaondoi zebaki mwilini. Mwenye dalili aende hospitali, aeleze kazi yake.

4. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizungumze jambo hili, kwa maana wachimbaji ni waamini wenzetu.

Amri ya tano hukataza kuua, nayo haikutaja panga peke yake. Baba anayetafuta riziki ya watoto wake, basi asiwavutishe sumu ya riziki hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba.