Bunia ijengwe juu, isikimbilie porini



Mwaka huu nilienda kuuliza chumba kimoja hapa Nyakasanza. Choo ni ya pamoja na familia tatu. Mwenye parsele akasema: garanti miezi sita. Nikamwambia kama Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza kupita miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Akacheka, akanionyesha njia. Alijua nyuma yangu kuna wengine wanangoja.

Shida iko pale. Sheria ya garanti haina meno wakati vyumba havitoshi. Watu wanakimbia vita Djugu na Irumu, wanaingia mjini, na mji unajibu kwa kukata viwanja tu: parsele moja, nyumba moja ya chini, halafu parsele ingine mbali zaidi. Anayehamia kule analipa nyumba bei ndogo, lakini moto ya kwenda sokoni na kurudi inakula yote aliyookoa. Diplome mkononi, miguu ndani ya vumbi.

Kwingine Leta imeamuru. Massachusetts, kule Marekani, ilitunga sheria mwaka 2021: miji inayohudumiwa na treni na basi za Boston lazima itenge eneo ambapo nyumba za familia nyingi zinaruhusiwa. Mji wa Milton ulikataa. Januari 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikasema sheria ni halali.

Sisi hatuna treni. Lakini barabara ambazo moto zote zinapita tunazijua. Tunaomba gavana na meya: kando ya Boulevard ya Libération na njia kubwa za komine yetu, anayejenga upya ajenge etaji mbili ao tatu za kupangisha. Asiye na uwezo asaidiwe, asinyang'anywe parsele. Ituri tunajua udongo unaleta nini. Pale Magomeni Kota, Dar es Salaam, kando ya njia ya mwendokasi, familia 644 zilirudishwa ndani ya maghorofa mwaka 2022, lakini zilingoja karibu miaka kumi. Kwetu ahadi iandikwe kabla ukuta haujavunjwa.

Wengine watauliza: maji itapanda etaji ya tatu namna gani, wakati hata chini tunapanga bidon? Swali ni la haki. Lakini bomba moja kwa familia kumi kando ya barabara ni rahisi kuliko bomba kumi za kufuata viwanja porini.

Kifungu 48 cha Katiba kinataja nyumba ya heshima, maji na umeme pamoja. Plani ya mji ibandikwe kwenye biro ya komine, tuisome.